Wanormani na damu ya Waviking

Ndugu, umeuliza kama Wanormani walioiteka Uingereza mwaka 1066 walikuwa bado Waviking, wale mabaharia wavamizi kutoka Skandinavia. Kwa nasaba, viongozi wao ndiyo. Rollo, jemadari wa Waviking, alipewa ardhi kando ya mto Seine na Charles, mfalme wa Ufaransa, mwaka 911, ardhi iliyokuja kuitwa Normandia, na William, aliyeshinda vita vya Hastings na kuitwaa Uingereza, ni kizazi cha tano kutoka kwake. Lakini kufikia hapo walikuwa Wakristo, wanasema Kifaransa na kupigana juu ya farasi. Urithi uliobaki wazi ni vyombo vya baharini: kitazame kitambaa cha Bayeux, kilichotariziwa picha za uvamizi huo wa 1066, ni majahazi ya Kiskandinavia kabisa, ila yamepakia farasi.

Ari yao ya kuteka mimi naiona zaidi Sicilia, kisiwa cha kusini mwa Italia. Ukoo wa Kinormani wa Hauteville ulikuwa na wana wengi kuliko ardhi, basi vijana wakaenda kusini mwa Italia kuwa askari wa kukodiwa, na mwaka 1072 wakautwaa Palermo, mji mkuu wa Sicilia. Huko mfalme Roger wa Pili, wa ukoo huohuo, aliajiri makarani Waarabu na Wagiriki, na ndiye aliyemwagiza al-Idrisi, mwanajiografia Mwarabu, kile kitabu cha jiografia cha 1154 kinachozitaja Malindi na Mombasa.