Muulize Sista: Kivimbe cha shavuni kwa mama

SWALI: Sista, habari ya kazi. Mama yetu ana miaka 68, tuko Busia upande wa Uganda. Mwezi wa pili alitokwa na kivimbe shavuni, chini kidogo ya jicho, mfano wa punje ya hindi. Hakimuumi. Zahanati walisema ni jipu, wakampa vidonge mara mbili. Sasa kimekuwa kama ndimu, rangi ya zambarau, kinang'aa. Hospitali walikata kipande wakapima, karatasi imeandikwa kansa ya Merkel. Shangazi anasema kansa ikiguswa na kisu inasambaa, twende kwa mganga. Je, dawa ipo? – Mwuza viatu, Busia

JIBU: Pole sana, mwanangu. Mimi nimekaa wodi ya kansa miaka mingi, na hii ya Merkel, kansa adimu ya ngozi, nimeiona mara mbili tu. Huyo wa zahanati simlaumu sana. Anaona majipu kila siku.

Mwambie shangazi, kwa adabu, kwamba kansa hii haingoji kisu ili isambae. Inakimbilia tezi za shingo yenyewe. Leo jioni mguse mama chini ya taya na mbele ya sikio: kuna kigololi kigumu? Kipo au hakipo, atahitaji picha ya CT ya shingo, kifua na tumbo. Maabara nao waulizwe kama walipima CK20 na TTF-1, alama za protini za kutambua aina ya kansa, maana kansa fulani ya mapafu hufanana nayo sana kwenye darubini.

Tiba ya kwanza ni upasuaji. Hukatwa uvimbe pamoja na ngozi yenye afya inayouzunguka, sentimita 1 hadi 2. Chini ya jicho nafasi hiyo haipo, kwa hiyo daktari anaweza kukata kidogo na kuegemea mionzi. Mionzi inaiweza kansa hii kweli. Lakini ni siku 5 kwa wiki, kwa wiki 5 hivi, na mama hawezi kwenda na kurudi Busia kila siku. Tafuteni ndugu wa kumlaza Kampala kabla hamjafika Taasisi ya Saratani pale Mulago.

Kemo, yaani dawa za kuua seli za kansa kama sisplatini na etoposidi, ndiyo inayodanganya watu. Uvimbe unanywea upesi, familia inachinja kuku, baada ya miezi michache unarudi. Iliyosambaa siku hizi hutibiwa kwa dripu za kuamsha kinga ya mwili: avelumabu iliidhinishwa Marekani mwaka 2017, pembrolizumabu mwaka 2018. Karibu nusu ya wagonjwa uvimbe hupungua, na wengine hukaa hivyo miaka. Bei yake ni ya kuuza shamba. Msiuze kabla ya kumwuliza daktari kama kuna njia ya msaada.

Mama apimwe pia virusi vya UKIMWI, kwa sababu kinga ikishuka kansa hii hupata mwanya. Kirusi kingine kinachohusishwa na kansa hii, kilichogunduliwa mwaka 2008, watu wazima wengi tunacho bila madhara, kwa hiyo majirani wasimtengee kikombe.

Jumatatu pandeni gari. Bebeni karatasi zote na kile kipande cha nyama kilichowekwa kwenye nta; maabara wataleta ubishi, ninyi ombeni tu. Na shangazi aje naye. Wiki 5 hizo mama atataka mtu wa kumpikia uji.