Duka linataka niongeze 450,000. Nikubali, au niiuze mwenyewe?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro. Nina laptopu ya Lenovo ThinkPad T470 niliyoinunua mwaka 2021 ikiwa imeshatumika. Prosesa yake ni i5, RAM GB 8, SSD GB 256. Kioo hakina doa na haijawahi kupelekwa kwa fundi, ila chaji haikai zaidi ya saa moja na nusu, na risiti sina. Nataka nihamie T480, toleo lililofuata baada ya hii. Duka moja la Kariakoo wameniambia kwa simu kwamba T480 yao ni 780,000, yangu wataihesabia 330,000, kwa hiyo nipeleke mashine na kuongeza 450,000. Kuna mwalimu mwenzangu alinunua T480 yenye sifa hizohizo mwezi uliopita, duka jingine, kwa 680,000 taslimu. Na mwalimu mwingine hapa shuleni yuko tayari kunipa 340,000 kwa hii yangu. Naona tofauti ya elfu kumi si ya kuhangaikia. Si bora nimalizane na duka tu?

JIBU: Mwalimu, tofauti si elfu kumi. Ni laki moja na elfu kumi.

Sahau kidogo neno "tutaihesabia", angalia pesa inayotoka mfukoni mwako. Ukienda na T470 yako dukani, unatoa 450,000. Ukimuuzia mwenzako kwa 340,000, kisha ukanunua T480 ya 680,000, unatoa 340,000. Mashine unayorudi nayo Morogoro ni ileile. Maana yake duka halijainunua yako kwa 330,000. Limeinunua kwa 230,000, na ile laki moja iliyobaki wameipandisha kwenye bei ya T480. Unaonyeshwa namba nzuri upande mmoja, unailipia upande wa pili.

Ndiyo maana kila anayetaka kubadilisha kwa kuongezea hela namwambia asitaje mashine yake ya zamani mwanzoni. Piga simu kama mteja wa kawaida, au mpe ndugu yako apige, uliza: "T480, i5, RAM nane, SSD 256, taslimu, bei ya mwisho ngapi?" Wakishasema, ndipo uulize kama wanapokea ya zamani na utaongeza shilingi ngapi. Toa ya pili kwenye ya kwanza. Jibu utakalopata ndiyo bei halisi ya laptopu yako, wao waiite watakavyo. Wakikwambia 680,000 taslimu na kuongeza 400,000, basi yako imenunuliwa 280,000 na hapo mnaweza kuzungumza. Uliza maduka mawili matatu, na uongee na mwenye duka mwenyewe. Ukiwa umeshikwa mkono na winga, yule dalali anayevuta wateja, kule barabarani, kuna cha juu chake ndani ya bei, na cha juu hicho kinakatwa kwenye mashine yako.

Sisemi duka ni wezi. Mtu anayechukua laptopu yako lazima aifungue, aisafishe, pengine abadilishe betri, aiweke kabatini hata miezi miwili huku bei ya toleo hilo ikishuka, kisha ampe mnunuzi wake waranti. Ya kwako haina risiti, kwa hiyo anabeba pia wasiwasi wa kuuziwa mali ya wizi. Lazima anunue chini ya bei ya mtaani, vinginevyo hana biashara. Swali ni kama punguzo hilo linalingana na usumbufu anaokuondolea. Kwa mashine ya thamani hii, pengo likiwa elfu thelathini au arobaini, mimi ningemalizana na duka bila kufikiri mara mbili. Laki na kumi ni nyingi mno, hasa kwa mtu ambaye mnunuzi wake yuko chumba kimoja naye cha walimu.

Ila huyo mwenzako naye tumwangalie vizuri. Je, 340,000 anaitoa yote kwa mkupuo, au ni "nitakupa mia na nusu sasa, nyingine mshahara ukitoka"? Wewe unaijua ofisi ya walimu kuliko mimi. Laptopu iliyouzwa kwa mafungu kwa mtu mnayekunywa naye chai kila siku huwa ngumu kudai, na wewe unaihitaji hela hiyo kwa siku moja, siku ya kununua T480. Kama hana yote, mashine ibaki kwako mpaka akamilishe. Akilipa kwa simu, usitazame meseji, fungua menyu uangalie salio lako mwenyewe. Meseji za uongo za muamala zinatengenezwa vizuri siku hizi, hadi jina la mtumaji linafanana. Kwa mwenzako hilo huenda lisitokee, lakini akighairi ukalazimika kuuza kwa mtu usiyemjua, hapo ndipo wengi wanapolia.

Sasa mashine yenyewe. Kabla hujampa mtu bei, fungua dirisha la amri la Windows (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport halafu bonyeza Enter. Itakuandikia faili na kukuonyesha limehifadhiwa wapi. Lifungue kwenye kivinjari. T470 ina betri mbili, moja ndani na moja ya nje inayochomoka kwa chini, na ripoti inazionyesha kila moja peke yake. Kuna namba ya uwezo wa kiwandani na namba ya uwezo wa sasa ikijaa. Ukikuta ya kiwandani ni takriban 24,000 na ya sasa ni 11,000, betri hiyo imebaki chini ya nusu. Mara nyingi moja huwa imekufa kabisa na nyingine bado ina nguvu, mtu akadhani zote zimechoka.

Usinunue betri mpya ili uuze kwa bei nzuri, hiyo hela hairudi. Mwonyeshe mnunuzi ripoti, mkubaliane, basi. Na ujue kwamba betri ya nje ya T470 na ya T480 ni familia moja, zinaingiliana. Ukikuta ya nje kwenye yako ndiyo nzima, na T480 utakayoipata imekuja na betri chovu, unaweza kutaka kubaki na ya kwako. Ruksa, ila hilo liamuliwe kabla ya kupatana bei na mwenzako, na alipe bei ya mashine atakayoipokea, siyo aliyoonyeshwa.

Kuna jambo jingine linaloshusha thamani ya T470, na mwenzako ana haki ya kulisikia kwako. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 rasmi, kwa upande wa Intel, inataka prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu, na T470 nyingi zina kizazi cha saba, kama i5-7300U. Mafundi tunaiweka kwa njia ya mkato na inatembea, ila Microsoft hawaitambui mashine hiyo, na siku sasisho kubwa likigoma hakuna wa kumlalamikia. Kwa kuandaa mitihani na kujaza matokeo kwenye jedwali bado ni mashine nzuri tu. Lakini ukiikalia mpaka mwakani, hiyo 340,000 usiitegemee. Hapa ndipo T480 inapokuwa na maana kwako: i5-8250U au i5-8350U zina viini (core) vinne, wakati i5 ya T470 ina viini viwili. Tofauti hiyo utaiona ukifungua video ya somo, jedwali kubwa na kivinjari kwa pamoja. Muuzaji akikwambia T480, usiishie kusoma jina kwenye mfuniko. Fungua maelezo ya mfumo uone namba ya prosesa baada ya i5 inaanza na 8.

Risiti. Kwa kuwa huna, andika hati fupi ya mauziano: majina ya wote wawili, namba za vitambulisho, aina ya mashine, bei, tarehe, na namba ya mashine (serial number) iliyo kwenye kibandiko cha chini. Mashahidi wawili wanatosha, hata walimu wenzenu. Ongeza sentensi ya majaribio, kwa mfano kwamba kwa wiki moja ikionekana ina ubovu mliokuwa hamkuutaja, mtazungumza, na baada ya hapo ni mali yake na matatizo yake. Bila sentensi hiyo, kila kibodi itakapogoma muhula ujao utaitwa wewe.

Kisha izime, iwashe, na nembo ya Lenovo ikitokea bonyeza F1. Ikiingia moja kwa moja kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine kabla Windows haijawaka, vizuri. Ikidai pasiwedi usiyoijua, kuna tatizo ulilouziwa mwaka 2021 bila kujua: mashine nyingi za mtumba zilitoka maofisini Ulaya na kwingineko, na baadhi ziliachwa na kufuli la ofisi. Duka litaligundua dakika ya kwanza na kukata bei. Kwenye ThinkPad pasiwedi ya BIOS si ya kuondoa kwa kuchomoa betri kama kompyuta za zamani, kwa hiyo mnunuzi aambiwe mapema.

Kama mashine yako ingekuwa na ubovu wa kweli, kioo kina mistari, bawaba imevunjika au inazima yenyewe, ningekushauri kinyume na yote niliyosema. Ya namna hiyo mpe duka. Wao wanajua thamani ya vipuri vyake, na hawatakuja kugonga mlango wako. Kumuuzia rafiki mashine mbovu ili tu upate elfu hamsini zaidi ni kununua ugomvi.

Kuhusu data, hapa nakuomba usiwe na haraka. Humo ndani mna matokeo ya wanafunzi, mitihani, pengine na nakala za vitambulisho, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 hilo si suala la hisani tena. Kufuta mafaili na kumwaga kapu la taka hakutoshi, fundi yeyote mwenye programu ya kurejesha anaweza kuyapata. Hamishia vitu vyako kwenye diski ya nje, fungua mafaili kadhaa kutoka humo uhakikishe yanasomeka, kisha nenda kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya urejeshaji, chagua kuiweka upya kompyuta na kuondoa kila kitu. Kabla ya kuthibitisha, ingia kwenye mabadiliko ya mipangilio uwashe ile ya kusafisha diski yote. Inachukua muda zaidi, iache kwenye chaja. Ikimaliza itasimama kwenye ukurasa wa kukaribisha mtumiaji mpya, iache hapohapo. Hata ukiamua kuipeleka dukani, fanya hivi ukiwa bado Morogoro. RAM na prosesa wataviona kwa kubonyeza F1, hawahitaji kuingia kwenye akaunti yako. Muuzaji akisema "iache tu, tutaiflashi wenyewe", mshukuru na uendelee na utaratibu wako. Kwenye simu, ingia WhatsApp, vifaa vilivyounganishwa, uitoe laptopu hiyo.

Tatizo lako pekee litakuwa siku za katikati, umeshauza na bado hujanunua. Kama ni wakati wa kusahihisha mitihani na huna hata ya kuazima, mwambie mwenzako akupe pesa Ijumaa na mashine aichukue ukirudi Dar Jumamosi jioni, mradi hati mmeisaini. Asipokubali, na pesa yako haitoshi kununua kwanza, rudi kwenye duka na hoja ya 680,000 mkononi. Wakishuka mpaka kuongeza 370,000 au 380,000, chukua.

Ukifika Kariakoo, ijaribu T480 papo hapo mezani. Inachaji kwa USB-C tu, haina tundu jingine la chaji. Kama chaja yako ya T470 ni ile ya kichwa cha mstatili haitaingia, kwa hiyo hakikisha unapewa ya USB-C, wati 45 au 65, na isiwe ya simu. Ina matundu mawili ya USB-C. Chomeka chaja kwenye la kwanza uone taa ya kuchaji, kisha la pili. Kwenye toleo hili kulikuwa na hitilafu ya programu ya ndani ya Thunderbolt (teknolojia ya kupitisha data kwa kasi kupitia USB-C) ambayo iliweza kuua tundu mojawapo, na Lenovo walitoa sasisho la kuirekebisha. Waombe waliweke mbele yako, au liweke mwenyewe siku hiyohiyo. Tundu moja likiwa halichaji, usikubali punguzo la elfu ishirini. Omba nyingine.