Mmeuliza, tumejibu: Kuzunguka ziwa la milimani kwa baiskeli

Maswali ya safari hii yamejaa ziwa tu, sijui ni msimu au mmeambiana. Karibu kila aliyeandika anataka kutoka asubuhi na baiskeli yake, alizunguke ziwa la huko juu milimani na jioni awe amerudi. Nimechukua matano, yaliyobaki yanafanana na haya haya.

SWALI: Kaka habari za kazi. Tuko wanne, ni watu wa kuendesha wikiendi tu, mashindano hatuyawezi. Tunataka kuzunguka ziwa, mzunguko mzima ni kilomita 70, na kwenye ramani barabara imefuata maji mwanzo mwisho kwahiyo ni tambarare. Mwenzetu anasema tukienda spidi 18 masaa manne tumemaliza, yaani hata tukitoka saa nne baada ya chai bado tuna muda. Unasemaje? – *Wanne wa Wikiendi*

JIBU: Nzuri jamani. Huyo mwenzenu kugawanya anajua, 70 kwa 18 kweli ni masaa manne kasoro kidogo, tatizo kapigia hesabu maji badala ya barabara. Maji ndo yako sawa. Barabara ya pembeni yake inapanda na kushuka kila inapokuta jabali limeingia ziwani, na kwenye ramani ya kawaida ya simu hilo hulioni, unaona kamstari kamekumbatia rangi ya bluu basi, unajua mambo ni mteremko.

Kabla ya kuuliza kilomita ulizeni ziwa lenyewe limetokana na nini, manake hapo ndo barabara inapojulikana tabia yake. Ziwa lililochimbwa na barafu zamani huwa refu na jembamba, kingo zake za ubavuni zinasimama kama ukuta, kule mto unakoingilia kuna tope na majani na ardhi iko sawa, ila barabara inakaa mbali na maji kwasababu ya tope hilohilo. Penye kuta barabara inapanda juu au inaingia kwenye handaki, na handaki bila taa za mbele na nyuma msiingie hata kama ni saa sita mchana. Ziwa la bwawa lina mikono mingi inayoingia kwenye mabonde, pasipo na daraja mnazunguka mkono mzima, mnapiga kilomita nane halafu mnatokea ng'ambo ya pale pale mlipokuwa mmesimama.

Ziwa la volkano ndo kiboko. Crater Lake kule Oregon, Marekani, barabara yake inapita juu kwenye ukingo wa shimo, ni kilomita kama 53 tu lakini ukijumlisha milima yote unapanda zaidi ya mita 1,000, na ziwa lenyewe unaliangalia kwa chini, kulifikia kuna kijia kimoja tu. Theluji ya kule ni nyingi mno mpaka sehemu kubwa ya barabara hiyo hufungwa miezi mingi kwa mwaka. Sasa linganisha na ziwa Annecy la Ufaransa, mzunguko wake ni kama kilomita 40, na upande wa magharibi njia ya baiskeli imejengwa juu ya reli ya zamani. Treni haiwezi mlima mkali, kwahiyo ukisikia njia ilikuwa reli pumua, hapo ni kukanyaga tu.

Turudi kwenu. Fungueni programu yoyote ya ramani inayoonyesha mwinuko, chora mzunguko wote, angalia jumla ya mita za kupanda. Tuseme imekuja mita 900. Hesabu ninayotumia mimi kwa watu wa wikiendi ni hii: chukua muda wa tambarare, ongeza dakika 10 kwa kila mita 100 za kupanda, halafu ongeza muda wa kusimama. Kwenu inakuwa masaa manne, jumlisha saa moja na nusu ya milima, jumlisha saa moja na nusu ya kula, kupiga picha, kukojoa na pancha moja (itakuwepo, watu wanne tairi nane). Masaa saba. Mkitoka saa nne baada ya chai mnafika saa kumi na moja jioni hapo kama mambo yote yamekwenda vizuri, na milimani jua linajificha nyuma ya mlima mapema kuliko mnavyodhani. Tokeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Chai mtaikuta njiani.

Halafu kuna hili ambalo wengi hawalifikirii kabisa, mzunguko wa ziwa hauna njia ya mkato. Barabara ya kwenda na kurudi ukichoka unageuza, kila ukigeuza mapema safari inapungua. Ziwani ukishafika kilomita ya 35, kugeuka ni 35 na kuendelea ni 35, hakuna tena cha kuokoa. Kwahiyo uamuzi wa kurudi unafanyika kabla ya nusu, na hiyo nusu pimeni kwa muda, msipime kwa kilomita, maana kama milima mikali yote iko upande wa pili basi nusu yenu halisi ipo kilomita ya 40 huko na sehemu nzito bado.

Fanyeni hivi: kata kipande cha karatasi, kibandike kwa selotepu kwenye bomba la juu la fremu pale macho yanapoangukia, andika mistari mitatu tu kwa peni isiyofutika na maji. Km 20, darajani (tuseme hapo pana daraja), mwisho saa 3:00. Km 35, mwisho saa 4:30. Km 50, mwisho saa 6:00. Mwendo wenu wa mpango ni kilomita 10 kwa saa pamoja na kusimama, kwahiyo km 20 mnatakiwa muwe mmefika saa 2:30, hiyo nusu saa ya juu ndo akiba. Saa tatu imegonga hamjaona daraja, geuzeni, mtakuwa mmepiga kilomita karibu 40 za raha na hakuna aliyekufa. Mkubaliane nyumbani kabla ya kutoka, kwasababu pale darajani kuna mmoja atasema "tujikaze tu" na wengine wote mtaona aibu kumpinga.

SWALI: Tunazunguka kwa upande upi, ziwa liwe kulia au kushoto? Kwenye grupu letu limezuka ugomvi mpaka watu wametoka. – *Adimini Niliyechoka*

JIBU: Pole adimini. La kwanza ni sheria ya barabara ya nchi mliyopo. Kama magari yanapita kulia ziwa liwe kulia kwenu, kama yanapita kushoto liwe kushoto. Faida yake mpo upande wa maji muda wote, mkitaka kusimama kwenye mandhari hamkatishi barabara, na barabara za pembeni zinazotokea milimani zote zinaingilia upande ule mwingine kwahiyo gari la kukuchomokea ghafla ni nadra. Ubaya wake ni kwamba penye korongo korongo lipo kwako, kama kingo za chuma hazipo na wewe ni mtu wa kizunguzungu fikiria tena.

La pili ni upepo, na hili linaweza kugeuza mpango wote. Milimani siku ya jua ardhi inapata moto, hewa inapanda mabondeni, mchana upepo unavuma kwa mpangilio kabisa kama una ratiba. Ziwa Garda la Italia pepo zake zina mpaka majina, asubuhi Pelèr inatoka kaskazini, mchana Ora inatoka kusini, na wenye matanga wanapanga siku yao kwa hizo. Kwenye mzunguko upepo wa usoni utakutana nao tu, hauukwepi, unachochagua ni saa. Ile sehemu ndefu iliyonyooka isiyo na miti muimalize asubuhi ziwa likiwa kimya, mchana muwe upande wenye misitu au upande ambao upepo unawasukuma.

Jua nalo muangalie, ukingo wa magharibi unaingia kivulini mapema jioni kwasababu mlima upo nyuma yake, ukingo wa mashariki ndo unaobaki na jua la mwisho. Msimu wa baridi hii sio ya kupuuza, lami ya kivulini inaweza kuwa na barafu mpaka adhuhuri.

Mkiwa bado mnabishana, chukueni upande unaoweka mlima mkali zaidi mwanzoni. Hata Tahoe kule Marekani, ambako mzunguko ni kama kilomita 115 na maji yenyewe yako karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, mlima wa Emerald Bay ukiuacha mwishoni unaweza ukaulaani.

SWALI: Hujambo mwanangu. Nina miaka 56, naendesha kila siku huku kwetu bondeni. Wanangu wanataka twende ziwa lililopo mita 2,300. Naogopa pumzi. Nitaweza, au niwaachie wao? – *Mama wa Watatu*

JIBU: Sijambo mama, shikamoo. Unaendesha kila siku, hao wanao ndo wa kuogopa. Ila mita 2,300 kweli sio bondeni, hewa huko ni pungufu kwa karibu robo ukilinganisha na pwani, kwahiyo ule mwendo wako wa kila siku utauona mzito na moyo utadunda haraka bila wewe kuwa mgonjwa. Nenda polepole saa la kwanza. Kipimo ni mdomo wako, kama unaweza kupiga stori sentensi nzima bila kukatika mwendo ni wako, ukianza kujibu "ee" na "mm" punguza gia. Mkiweza kulala huko juu usiku mmoja kabla, itasaidia. Kichwa kikianza kuuma, na kichefuchefu kikafuata, hapo hamna kujikaza, mnashuka. Na kama una dawa za presha au moyo, daktari wako aambiwe safari hii kabla hujaifunga mizigo.

Gia nayo mwambie fundi aiangalie: ile ndogo ya mbele na ile kubwa ya nyuma meno yakilingana idadi, mfano 34 kwa 34, milima mingi utaipanda umekaa. Baiskeli ya umeme pia sio aibu, wanaosema ni kudanganya waache waseme wakiwa nyuma yako, ila chaji inakwisha haraka kwenye kupanda na kwenye baridi, weka msaada mdogo tambarare ili ubaki na kitu baadaye.

Nguo sasa. Kila mita 1,000 ukipanda joto linashuka nyuzi kama 6 na nusu, kwahiyo huko ni baridi kuliko pwani kwa nyuzi kama 15, na wakati huohuo jua linaunguza zaidi kuliko chini, ngozi haijui kuna baridi. Mafuta ya jua, miwani, na jaketi jepesi la upepo ambalo unalivaa KABLA ya mteremko. Watu wanapanda wamelowa jasho, wanaanza kushuka hivyohivyo, dakika tano vidole havisikii breki.

SWALI: Bro breki zangu ni za kawaida za kubana rimu, kuna mteremko wa kilomita 6. Zitakubali? – *Dogo wa Miteremko*

JIBU: Zitakubali dogo kama raba zina nyama, angalia ile mistari ya raba, ikiwa imefutika badilisha kabla ya safari. Kinachoua ni kushikilia breki kidogokidogo njia nzima, rimu inapata moto, tyubu inaweza kupasuka. Bana kwa nguvu breki zote mbili, ya mbele na ya nyuma, kabla ya kona, achia, iache ipoe, bana tena. Kwenye kona yenyewe usibane, hasa penye changarawe. Na kila baada ya kilomita mbili simama, tazama ziwa, gusa karibu na rimu uone joto, ila usiishike moja kwa moja. Mfukoni tyubu mbili, viraka, pampu, kiungo cha akiba cha cheni na vifaa vya kukiweka.

SWALI: Maji ya ziwa la milimani si ni masafi? Tubebe chupa ngapi kama tutakuwa tunachota hukohuko? – *Mpenda Vitu Vyepesi*

JIBU: Yanaonekana masafi. Wanyama wanakunywa hapo hapo na wanajisaidia hapo hapo, na Giardia, kijidudu cha kuharisha, haibadilishi rangi ya maji, tumbo litakuja kukuambia wiki moja baadaye. Chota ukiwa na kichujio, au chemsha: dakika moja ya kutokota inatosha, ukiwa juu ya mita 2,000 fanya dakika tatu kwasababu huko maji yanachemka kabla hayajafika nyuzi 100. Kunywa kama nusu lita mpaka robo tatu kwa saa, kwahiyo chupa mbili kubwa zinakupa masaa mawili hadi matatu, na kabla ya kutoka weka alama kwenye ramani sehemu mtakazojaza. Chakula pia kila nusu saa kitu kidogo, ndizi, tende, biskuti, usingoje njaa. Na kwenye maziwa yale ya volkano niliyosema juu, maji utayaona siku nzima na hutayafikia, huko beba chupa ya tatu.