Vunjajungu Hakai kwenye Friji

SWALI: Mimi ni mkazi wa Likoni, na kila nikipata mapumziko huenda Shimba Hills au msitu wa Arabuko-Sokoke kupiga picha za wadudu kwa lenzi ya makro, ile ya kukuza vitu vidogo. Vunjajungu na vipepeo wangu hutoka na ukungu hata nikifunga tundu la lenzi hadi f/22. Rafiki yangu ameniambia nimtie mdudu kwenye friji ya nyumba ya wageni kwanza ili atulie. Je, akae humo dakika ngapi asidhurike?

JIBU: Ndugu msomaji, dakika hizo sitakutajia, kwa kuwa hazipo. Ushauri huu wa friji hunifikia kila msimu wa likizo, na wanaoueneza ni mafundi wa video fupi ambao hawaonyeshi kamwe hali ya mdudu baada ya picha kupigwa. Joto la mwili wa mdudu hufuata la mahali alipo. Friji ya kawaida huwa na nyuzi 4 hivi za Selsiasi, ilhali mdudu wa Pwani yetu ni nadra kukutana na nyuzi chini ya 15 hata usiku wa Julai. Kwa hiyo anachokipata humo si utulivu. Neva na misuli yake imeshindwa kufanya kazi, na wengine hufa, wengine huamka wakiwa walemavu. Isitoshe, Shimba Hills ni hifadhi ya taifa, na huruhusiwi kutoka na kiumbe chochote humo bila kibali.

Ukungu wa picha zako unatokana na mambo mengine kabisa. Unapokuza kwa uwiano wa 1:1, yaani taswira ndani ya kamera ikiwa na ukubwa uleule wa mdudu, f/22 unayoiona kwenye kioo cha kamera nyingi hufanya kazi kama f/44, na mwanga unaopenya tundu dogo kiasi hicho hupinda na kufifisha kila unywele wa mdudu. Rudi kwenye f/11, tundu pana zaidi, ukikubali kwamba kwa kamera ya fremu kamili (yenye kihisi kikubwa cha mwanga) kina cha ukali, yaani sehemu inayotoka wazi kuanzia mbele hadi nyuma, kitakuwa kama milimita moja tu. Kwa kipepeo aliyekunja mbawa, sawazisha uso wa lenzi na mbawa hizo ili zote ziangukie ndani ya milimita hiyo. Kwa vunjajungu, lenga jicho lililo karibu nawe na usijali miguu ikififia. Usizungushe pete ya fokasi kila mara: ifunge, kisha sogeza mwili wako taratibu mbele na nyuma mpaka jicho likae sawa. Tumia flashi kwa nguvu ndogo, sehemu moja ya 16 kwa mfano, huku umeiziba kwa karatasi nyeupe, maana mmweko wake huwa mfupi mno kiasi kwamba mtikisiko wa mkono hauonekani. Nenda alfajiri, lango linapofunguliwa, kabla jua halijawapasha wadudu joto. Hapo vunjajungu hukaa juu ya jani akikutazama tu.

Jambo linalonikera zaidi ni kwamba friji ni mlango wa hila nyingine. Anayeanza na baridi hafiki mbali kabla ya kumfunga chura kwa uzi ili aonekane ameshika jani kama mwavuli, au kumlipa kijana amchomoe kinyonga mtini na kumhamishia kwenye ua lenye rangi nzuri. Ukiajiri kiongozi wa msituni, mwambie mapema, kabla hamjaingia, kwamba hutaki chochote kishikwe, kwani wengi wao hudhani mteja hufurahia hivyo na hutegemea bahashishi.

Wala usidhani hila hizi hazijulikani. Mdudu aliyetoka kwenye baridi akakutana na hewa yenye unyevu ya Mombasa hufunikwa na matone madogo machoni na mbawani, sawasawa na lenzi inayotolewa ghafla kwenye chumba chenye kiyoyozi. Umande wa kweli hulowesha mdudu pamoja na jani alilokalia. Ukiletewa picha ambayo mdudu amelowa chapachapa huku jani likiwa kavu, na miguu yake imejikunja chini ya tumbo badala ya kushika jani, uliza ilipigwa wapi na saa ngapi.