Simsifu Chhoti Bahu, namsifu Meena Kumari

Mwanangu,

Sisi huku wazima. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Umetazama ile filamu ya Kihindi, Sahib Bibi Aur Ghulam, kama nilivyokusihi, na sasa unaniuliza: "Mama, mke anakunywa pombe ili mumewe asilale nje, na huyo ndiye uliyemsifu miaka yote?"

Chhoti Bahu, huyo mke wa kwenye filamu, simsifu, mama. Namsifu Meena Kumari, mwigizaji aliyemcheza.

Hebu rudi pale Bhootnath, yule mshamba anayechezwa na Guru Dutt, anapoitwa chumbani kwa Chhoti Bahu. Haya zimemshika, kainamisha macho, nasi tunaona anachokiona yeye: zulia, kisha miguu ya mwanamke. Sauti tunaisikia kabla ya sura. Anapoinua macho ndipo kamera inamsogelea yule bibi usoni, na hapo hapo unajua kwamba jumba lote lile la Calcutta limejaa watu na hana wa kuzungumza naye. Anachotaka ni sindoor, ule unga mwekundu wa mke kupaka kwenye njia ya nywele, kutoka kiwanda anachofanyia kazi kijana. Unasifiwa kuwa unarudisha mume. Anauomba kama mwenye nyumba anayeagiza kitu. Shida yake iko machoni tu.

Bibi yako, aliyetazama nami kwa kanda ya video bila kujua Kihindi, alitikisa kichwa akasema, "Huyu kakosa kungwi." Tulicheka, lakini kungwi gani angemfaa?

Sasa hiyo pombe. Sharti aliliweka mume. Wanaume wa ukoo ule usiku wako kwa wacheza ngoma, na mke akilalamika anaambiwa ajishughulishe na vito vyake, avunjishe vya zamani afuliwe vipya. Akitaka mume abaki, basi anywe naye kama wanavyokunywa wale wa nje. Akanywa. Waigizaji wengi wakicheza ulevi hupepesuka, basi. Huyu ulevi kauweka kwenye kope. Anapoimba kumzuia asitoke (sauti ya wimbo ni ya mwimbaji Geeta Dutt), anamvuta, anatabasamu, na tabasamu lenyewe linaomba. Kisha linageuka hasira: anamwambia hakuna mke wa nyumba ya heshima aliyewahi kufanya alilolifanya yeye. Sikiliza anavyolisema, aibu na fahari katika pumzi moja. Hapo ndipo ninaposimamisha filamu kila mara.

Filamu ilitoka 1962. Tuzo za filamu za India, Filmfare, za 1963, waliopendekezwa kuwa mwigizaji bora wa kike walikuwa watatu, na wote watatu ni yeye, kwa filamu tatu. Akajishinda mwenyewe kwa hii.

Alifariki Machi 1972 kwa maradhi ya ini, ana miaka 38, baada ya pombe kumwingia kwelikweli. Ndiyo maana watu hupenda kusema alikuwa anajicheza mwenyewe. Siipendi kauli hiyo. Wenye huzuni ni wengi. Wangapi wakiwekwa mbele ya kamera wataionyesha bila kuimwaga?

Rudia kuanzia kwenye zulia, na maandishi ya chini uyazime. Kisha nipigie, ila si Ijumaa jioni, nina harusi ya jirani.

Mama yako