Maswali ya magari: Betri mpya, gari haliwaki

Nina Vitz ya 2002. Betri niliinunua miezi saba iliyopita. Nikiliegesha gari Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi stata inalia "tik" tu. Makanika anasema niweke betri kubwa zaidi. Nimsikilize? (Msomaji, Ntinda, Kampala)

Usimsikilize bado. Betri iliyolala imejaa ikaamka tupu ina kitu kinachoinyonya, na kuongeza ukubwa ni kumlisha mnyonyaji. Piga hesabu: betri ya gari dogo kama lako ina takriban Ah 35 (ampea-saa, kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi), na nusu yake ikishatoka stata huanza kushindwa. Kitu kinachovuta ampea 0.35 tu kitaimaliza nusu hiyo kwa saa 50. Hizo ndizo siku zako mbili. Weka ya Ah 50, utapata tatu. Yaani pesa yote hiyo imekununulia siku moja.

Kwanza hakikisha betri inachajiwa. Ijaze kwa chaja, iache ipumzike usiku mmoja, kisha pima vichwani (ncha za chanya na hasi) kwa multimita, yaani kipima umeme. Volti 12.6 au zaidi, imejaa; 12.2, iko nusu. Chini ya 12, iko taabani. Washa injini: zisomeke kati ya 13.8 na 14.5, hata taa kubwa na feni zikiwa zinafanya kazi. Zikibaki 12 na kitu, iache betri, tazama fenibelti kama imelegea, halafu altaneta, yaani mtambo unaochaji betri injini ikiwaka.

Chaji ikiwa sawa, mtafute mnyonyaji. Zima kila kitu, toa ufunguo, funga milango. Fungua waya wa hasi, chomeka multimita kwenye tundu la ampea 10, ncha moja iguse waya, nyingine kichwa cha hasi. Usiwashe gari hapo, utaunguza fyuzi ya mita. Ngoja dakika 20 hivi mifumo ilale. Kawaida ni chini ya ampea 0.05. Ikizidi, chomoa fyuzi moja moja. Ile inayoshusha namba ndiyo njia ya kufuata. Washukiwa wa kwanza ni redio, alamu na traka zilizofungwa gari likiwa limeshafika kutoka Japani, maana wapo mafundi wanaounga waya kwenye umeme usiozimwa na ufunguo. Fyuzi zote zikiwa nje na namba haijashuka, tenganisha betri kabisa, fungua waya mnene nyuma ya altaneta, ufunike kwa tepu usiguse chuma, kisha pima tena. Ikishuka sasa, diodi za altaneta (zinazozuia umeme usirudi nyuma) zinavujisha.

Ukishamnasa, ichaji betri polepole, ampea 3 au 4 kwa saa kumi hivi. Usishangae ikirudi dhaifu kuliko zamani: kila ikilala tupu, salfeti huganda kwenye plati (vibamba vya risasi ndani yake), na nyingine haziyeyuki tena.

Betri ya Starlet yangu imefika mwisho. Kisekka, soko la vipuri Kampala, nimeonyeshwa tatu za ukubwa mmoja, bei tofauti. Niangalie nini? (Msomaji, Mukono)

Nenda na namba ya ile ya zamani. Tuseme imeandikwa 40B19L. 40 ni nguvu, B ni upana na kimo, 19 ni urefu kwa sentimita. Namba ya kwanza inaweza kupanda bila shida, zilizobaki zisibadilike. Herufi ya mwisho ndiyo inayowaponza watu: ukisimama upande ulio karibu na vichwa, L ina chanya mkono wa kulia, R mkono wa kushoto. Ukikosea, waya haufiki. Na atakayezifunga kinyume ataunguza fyuzi kuu, pengine na altaneta.

Tazama pia unene wa vichwa. B19 nyingi zina vichwa vyembamba, na klampu za gari lako zimetengenezwa kwa hivyo. Klampu ikicheza, msumari unaopigiliwa pembeni ni dawa ya wiki moja.

Muulize muuzaji ilitengenezwa lini, kisha pima. Iliyojazwa ikisoma chini ya 12.4, imekaa sana rafuni, mwachie. Nyingine huuzwa kavu, asidi ikatiwa mbele yako. Hiyo isiingie garini papo hapo: ikae angalau nusu saa plati zinywe, kisha ichajiwe.

Kufunga si kazi: spana namba 10. Hasi hutoka kwanza na kurudi mwisho, kwa sababu spana iliyo kwenye chanya ikigusa bodi wakati hasi imefungwa, cheche zake zinaweza kuyeyusha chuma. Unga mweupe au wa kijani vichwani uoshe kwa maji ya moto yenye kijiko cha magadi ya kuokea, kausha, funga, ndipo upake grisi. Usisahau chuma kinachoikaza betri kwenye trei yake. Barabara za murram huitikisa, unga wa plati unadondoka na kujazana chini, mwisho seli inapiga shoti.

Nimeuziwa chupa ya "maji ya betri", yakimwagika mkononi yanawasha. Niyatie? (Msomaji, Arua)

Hapana. Hiyo ni asidi. Osha mkono sasa hivi kwa maji mengi. Kinachopungua ndani ya betri ni maji peke yake, asidi inabaki. Ukiongeza asidi unaikoleza na plati zinaliwa. Tia maji yaliyokenekwa (distilled), si ya bomba wala ya kisima, hadi mstari wa juu. Kama hakuna mstari, milimita 10 hadi 15 juu ya plati. Kwa joto la Arua, chungulia kila mwezi. Seli moja ikinywa kuliko wenzake, hiyo inakufa. Zikinywa zote sita kwa pamoja, pima chaji injini ikiwaka: ikipita 14.8, rekebisha altaneta kabla hujatia tone lingine.