Kiwanda cha nyama Iowa: ulipe chama au uache?

Kaka, umeuliza kama hapo kiwandani Iowa, Marekani, lazima ukatwe hela ya chama cha wafanyakazi, maana supavaiza kakwambia kuna sheria ya "haki ya kufanya kazi". Hulazimiki. Iowa wanayo toka 1947, mwaka uleule Kongresi ilipitisha sheria ya kazi ya Taft-Hartley iliyoyaachia majimbo yajiamulie, na sasa hivi yenye sheria hiyo yako 26, Michigan waliiweka 2012 wakaja kuifuta 2023.

Ila jina lenyewe linadanganya bwana, wengi wetu tukilisikia tunadhani hufukuzwi ovyo, wapi! Inazuia tu mkataba wa kukulazimisha ulipe chama, kufukuzwa ni habari nyingine kabisa.

Sasa hata usipolipa, chama kinatakiwa kisheria kikutetee sawa na wanachama, ndo maana watu wanakula bure na chama kinakonda. Kura ya kupitisha mkataba tu ndo kwa kawaida huna. Mimi nilikaa nje mwaka mzima najiona mjanja, mpaka siku mkono umevimba kwa kushika kisu naitwa ofisini kuulizwa mbona niko slo, mwakilishi wa chama akaja akakaa pembeni yangu na kidaftari chake anaandika kila neno, nikaona aibu, wiki ileile nikajaza fomu. Na ukiitwa hivyo omba mwenyewe mwakilishi awepo, usingoje uambiwe.

Ningekuwa wewe ningelipa. Ila soma kwanza fomu ya makato, hasa tarehe za kujitoa, zikikupita mara nyingi unasubiri mpaka mwakani.